Mstari Ulioshuka Mlimani

2 Julai

Taarifa ya asubuhi imetahadharisha kuhusu jalidi katika nyanda zote za juu. Muuza duka wa ng'ambo ya barabara, ambaye watu humwita Redio kwa sababu hutangaza mambo kabla hayajatokea, alikuwa amekwisha kuwaambia wateja wake tangu jana kwamba barafu itaanguka mpaka kuku wagande wamesimama. Nilimsahihisha mbele yao. Nilimweleza kwamba jalidi haianguki. Ni umande unaoganda juu ya majani.

"Sawa, Mwalimu. Watu wafunike miche au wasifunike?"

"Wafunike."

"Basi tumetangaza kitu kimoja," akasema, akaendelea kupima sukari.

Jioni kamati ya tahadhari ya mtaa ilikutana sebuleni kwangu. Mimi ni mwenyekiti tangu nilipostaafu ualimu. Tumeazimia kwamba kila mwenye kitalu afunike miche kwa nyasi kavu, na kwamba nyasi hizo zisiondolewe mpaka kamati itakapoagiza. Kifungu hicho cha mwisho nilikiongeza mimi. Watu wa hapa hufanya jambo nusu, kisha hushangaa likiwageuka.

Anayehusika zaidi ni mdogo wangu. Kitalu chake cha miche ya matunda kimepakana na kiwanja changu. Kati yetu upo ukuta wa mawe ambao mumewe, fundi mwashi, aliujenga kwa maelekezo yangu. Hauna mlango. Mdogo wangu aliutaka mlango, nikakataa, kwa kuwa namjua: angeingia wakati wowote, asogeze viti, aonje chungu. Kwa hiyo huzunguka kwa barabarani kama wageni wengine, au husema nami kutoka upande wake akiwa amesimama juu ya ndoo.

Leo alisimama juu ya ndoo. Mwaka jana jalidi iliua nusu ya miche yake.

"Dada, mwaka huu ikifa tena, sisi tunahama. Binti yetu ametutayarishia chumba mjini."

"Mjini hakuna udongo."

"Ndiyo maana hakuna jalidi."

Nilimwambia ateremke kabla hajavunjika mguu.

3 Julai

Nyasi zimekatwa mlimani na kutandazwa juu ya miche. Shemeji anasema miche imevishwa makoti na yeye bado anasubiri la kwake.

7 Julai

Jalidi. Nilipofungua dirisha alfajiri, uwanja ulikuwa mweupe, na kila unyasi ulisimama peke yake kama uliochorwa kwa kalamu nyembamba. Ni jambo zuri kulitazama. Sikutarajia kuandika hivyo. Jua lilipotoka, weupe ule uligeuka maji, na kabla ya adhuhuri mboga za Redio nyuma ya duka zilikuwa nyeusi, zimelala. Hakuwa amezifunika. Alikuwa na kazi ya kuwatangazia wengine.

Miche ya mdogo wangu ni mizima. Alinipitishia kikombe cha chai juu ya ukuta. Sukari ilizidi.

8 Julai

Jalidi tena.

9 Julai

Tena.

15 Julai

Vidole vimekufa ganzi. Siandiki.

28 Julai

Mlima umebadilika rangi. Nyasi zilizouawa na baridi bado zimesimama, zimekauka, rangi ya gunia. Upepo ukipita hutoa sauti ya karatasi, kama darasa zima linalofungua madaftari kwa pamoja. Niligeuka mara mbili nikidhani kuna watu.

12 Agosti

Taarifa ya asubuhi imetoa tahadhari mbili kwa pamoja: jalidi wakati wa alfajiri, na hatari kubwa ya moto wa nyika kuanzia adhuhuri. Redio anasema hali ya hewa imechanganyikiwa, ipelekwe hospitali. Nilimweleza kwamba hilo ni la kawaida katika msimu mkavu. Anga lisilo na mawingu hupoteza joto usiku na kulipata upya mchana.

"Basi hospitali ileile, wodi mbili," akasema.

Kamati ilikutana. Nyumba zetu ziko upande wa kusini wa mlima, na pepo za mchana hutoka magharibi. Tumekubaliana kulima ukanda mtupu kutoka kileleni hadi huku chini, ili moto ukitokea ukose cha kula. Shemeji alichora kwa kidole, juu ya meza yangu, njia inayopinda ikifuata tumbo la mlima.

"Kwa nini upinde?" nikamuuliza.

"Mlima wenyewe umepinda, Mwalimu."

"Ukanda ukipinda, nani atajua sehemu yake inaishia wapi? Watu watagombana. Uzi uvutwe moja kwa moja kutoka juu, kila nyumba ipimiwe kipande kilicho sawa na cha mwenzake. Na uishie kwenye kona ya ukuta wangu, niweze kuukagua nikiwa dirishani."

"Shemeji," akasema, na hapo nilijua mzaha unakuja, "hata mto ungekuwa mwanafunzi wako, ungeuchapa mpaka unyooke."

Watu walicheka. Nami nilitabasamu kidogo, kisha nikaitisha kura. Uzi ulishinda.

21 Agosti

Ukanda umekamilika. Umenyooka. Nimeutazama asubuhi, mchana na jioni. Nimefundisha maisha yangu yote na sijapata kuona kazi ya watu wengi ikiwa safi namna hii.

2 Septemba

Mdogo wangu alikuwa juu ya ndoo mapema.

"Dada, hizi nyasi naziogopa sasa. Zimekuwa kibiriti."

"Tahadhari ya jalidi haijaondolewa."

"Mbona sijaona weupe tangu juma lililopita?"

"Kutoona si ushahidi. Azimio ni azimio."

"Ungeniwekea mlango, ningekuja tugombane vizuri," akasema, akashuka.

Amekuwa mwepesi wa maneno tangu utotoni. Mama alikuwa akicheka pale alipopaswa kumkanya.

10 Septemba

Mwandiko huu ni mbaya kwa sababu ya malengelenge mikononi.

Baada ya chakula cha mchana, moshi ulionekana upande wa magharibi. Aliyeuona kwanza ni Redio. Alitoka dukani akipiga kelele: "Moto! Mlima wote umekwisha!" Mlima haukuwa umekwisha, ndio kwanza ulikuwa unaanza. Sikumsahihisha, kwa kuwa nilikuwa nakimbia. Sikujua kwamba bado naweza.

Moto uliteremka na upepo, ukafika kwenye ukanda, ukasimama. Hilo liandikwe. Ulitembea kando ya ukanda, juu na chini, kama ng'ombe anayetafuta mahali ambapo ua umelegea, na haukupata. Watu walishangilia. Mwanamke nisiyemfahamu alinishika mkono akaniita Mama. Alikuwa bado amenishika pale cheche ziliporuka juu ya vichwa vyetu, nyingi, bila haraka, zikateremkia kitaluni.

Nyasi kavu zilizipokea mara moja. Miche ilikuwa imevaa makoti, na makoti yakawaka.

Nilikuwa kwenye kona ya ukuta wangu. Kutoka hapo hadi kwa mdogo wangu ni mahali pa kunyoosha mkono, na katikati kuna mawe. Nilimsikia akikohoa upande wa pili. Nilimsikia akimwita mumewe, kisha akaniita mimi. Ilinilazimu kurudi uani, kupita ndani ya nyumba, kutokea barabarani na kuzunguka, kwa umri huu, nikiwa na kandambili, na njia nzima niliendelea kumsikia.

Nilipofika, alikuwa akizivuta nyasi zinazowaka kwa mikono mitupu. Shemeji alikuwa akimwaga maji kwa ndoo ileile ambayo mkewe husimama juu yake. Nami nikavuta. Jirani zetu walikuja nao wakavuta. Hakuna aliyetaja azimio.

Matuta yote ya juu yameungua. Ya chini, yaliyo karibu na barabara, yamepona. Mdogo wangu aliketi katikati ya viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, ambayo sasa ilikuwa imeyeyuka na kushikamana, akasema bila kunitazama:

"Ningeziondoa siku ile, Dada."



11 Septemba

Nimekwenda kumwambia kwamba kosa ni langu. Akasema, "Ndiyo," akaendelea kufagia majivu.

19 Septemba

Shemeji amepita barabarani na toroli lake. "Mke wangu ameulizia gari la kubeba mizigo," akasema. "Mimi sijaulizia. Mimi nabeba mawe yangu tu."

Nilizunguka kwenda kwao. Mdogo wangu alinieleza kwa ufupi, kama mtu anayesoma ratiba. Miche iliyobaki tayari ina wenyewe. Wakulima wataichukua mvua za kwanza zikishatulia. "Ikichukuliwa yote salama, nabaki. Ikiharibika hii nayo, usinishike, Dada. Nimechoka kuanza upya."

Nilimwambia kwamba sijawahi kumshika mtu. Akasema hilo analijua.

3 Oktoba

Joto. Majivu kwenye chai, majivu kwenye kurasa.

8 Oktoba

Majivu.

17 Oktoba

Mlima ni mweusi mtupu, na katikati yake umeshuka ukanda wangu, mwekundu, umenyooka. Siku hizi siutazami sana.

Kila jioni huzunguka kwa barabarani kwenda kumsaidia mdogo wangu kumwagilia. Hakuniomba. Siku ya kwanza alinitazama nikipita na kopo kutoka mche hadi mche.

"Dada, unamwagilia kama unayesahihisha madaftari. Kila mche unausimamia juu ya kichwa."

"Ni kosa?"

"Si kosa. Ila utamaliza kesho."

Nimegundua kwamba huzungumza na miche. Huiambia mambo ya kawaida: bei ya sabuni, goti lake, mambo aliyoyasema mumewe. Zamani ningemwambia kwamba miche haisikii. Nimeona kwamba akinyamaza, mimi ndiye ninayekosa habari.

5 Novemba

Manyunyu ya kwanza. Harufu ya udongo imeingia hadi chumbani. Taarifa ya asubuhi inasema mvua za msimu huu zitakuwa za wastani. Redio anasema milima itahama. Nilimwambia milima haihami.

Shemeji aliniita kwenye kona. Maji machache mekundu yalikuwa yameteremka na ukanda, yakagonga ukuta wangu, yakageukia kitaluni. Yalikuwa membamba kama utepe.

"Tukate mfereji hapo juu, Shemeji, yaende pembeni. Kazi ya asubuhi moja."

"Ukanda ni mali ya mtaa mzima. Hatuwezi kuukata bila ridhaa ya kamati. Tunakutana Jumamosi."

"Jumamosi," akasema, akilitazama wingu.

Ni sawa kufuata utaratibu. Hata hivyo naliandika hapa, kwa kuwa limenikaa kifuani.

10 Novemba

Naandika kwenye karatasi ya mdogo wangu, niliyoombwa nisiiloweshe. Haya ni ya jana. Jumamosi ilikuwa bado haijafika.

Mvua ilianza asubuhi na haikupumua. Kufikia saa tisa mlima, ambao haukuwa na hata unyasi mmoja wa kuyazuia maji, ulikuwa umeyaachia yote, na yote yalikuwa yameipata njia. Tuliyalimia njia sisi wenyewe, laini, isiyo na kizuizi, iliyopimwa kwa uzi. Niliutaka ukanda uishie mahali ambapo nitauona nikiwa dirishani, na niliuona. Ulikuwa mto mwekundu ulionyooka, uliobeba mawe.

Ukafika kwenye kona yangu. Ukuta wa shemeji haukutikisika. Ni fundi mzuri. Uliyapokea maji kifuani na kuyatupa yote upande wa kitalu. Mdogo wangu na mumewe walikuwa wakikimbia na viriba mikononi kuvipeleka kwenye baraza, lakini vilikuwa vingi, na safu ya kwanza ilikuwa imekwisha kuelea.

Sikufikiri kwa muda mrefu. Uwanja wangu unateremka kuelekea mlango wa nyuma, na mlango wa mbele unatazama mtaro wa barabara. Nilifungua milango yote miwili nikaweka kiti kwa kila mmoja usijifunge. Kisha nilichukua sululu, nikatoka, nikaanza kupiga ukuta.

Kichwa cha shemeji kilitokeza juu.

"Shemeji! Unafanya nini?"

"Nabomoa."

"Huo ukuta nimeujenga mimi! Hautoki kwa kijisululu hicho!"

"Basi njoo uubomoe mwenyewe, uache kujisifu."

Alipanda akarukia kwangu na nyundo yake kubwa. Mvua ilikuwa ikimtiririka puani. "Maji yatapita ndani ya nyumba yako."

"Nimeyafungulia."

"Na vitabu?"

Vitabu vilikuwa kwenye rafu za sebuleni, kuanzia sakafuni. Nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili na sikuinua hata kimoja, kwa kuwa ningeinua kimoja ningeinua vyote.

"Piga, Fundi."

Akapiga. Jiwe la kwanza lilichukua muda. La pili lilifuata la kwanza. Baada ya hapo maji yalijisaidia yenyewe. Yalinipita magotini, yakaingia jikoni, yakatokea sebuleni, yakatoka barabarani yakiwa na viti vya kamati.

Redio alikuwa huko barabarani. Tangu saa sita alikuwa ameshinda akikimbia kutoka nyumba hadi nyumba upande wa chini, akiwa amejifunika mfuko wa plastiki, akipiga kelele kwamba milima inahama, na watu, ambao hawakutishwa na neno "wastani", walikuwa wamemsikiliza: walibeba watoto na magodoro wakapanda kwenye baraza la duka lake. Mtaro ulipofurika, nyumba zile zilikuwa tupu. Nilimsikia nikiwa nimesimama mlangoni pangu: "Milima inahama!" Nyuma yangu, sebuleni, palikuwa na kipande cha mlima. Sikuwa na la kusahihisha.

Kitaluni maji yalipungua, yakabaki matope. Mdogo wangu alikuja hadi kwenye lile tundu la ukuta na kusimama kati ya mawe, mche mmoja kila mkono. Alitazama ndani, kupitia jikoni, kupitia sebuleni, hadi barabarani.

"Dada. Vitabu vyako."

"Miche imepona?"

"Imepona."

"Basi usisimame kwenye maji."

Alivua kanga yake ya juu, iliyolowa kama yangu, akanifunika nayo mabegani. Haikuwa na maana yoyote. Sikuitoa.

13 Novemba

Nakaa kwao. Vitabu vimetandazwa juu ya meza ya kuwekea miche, vimefunguliwa katikati, kila kimoja na kokoto juu yake. Shemeji anasema hajapata kuona darasa lililotulia hivi.

Nimeambiwa kwamba katika nyumba hii mwenye nyumba ndiye anayesahihisha.

17 Novemba

Jua. Lori limesimama barabarani asubuhi, nikadhani ni lile gari la kubeba mizigo. Lilikuwa la wakulima. Wamechukua miche yote, safu kwa safu, na mdogo wangu ameiaga mmoja mmoja huku akijifanya anakagua viriba.

Hakusema kwamba anabaki. Walipoondoka, alileta koleo, akaanza kujaza udongo katika viriba vipya. Nami nilimshikia midomo ya mifuko.

20 Novemba

Kamati imekutana kwenye baraza la duka, kwa kuwa viti vyangu havijulikani viliko. Nilieleza nilichofanya na nilichochelewa kufanya. Kisha nilipendekeza ukanda upandwe miti, katika mistari inayopinda na tumbo la mlima, kama shemeji alivyochora.

"Jamani, msinipe sifa," shemeji akasema. "Pale nilikuwa nakwepa jiwe kubwa tu."

Nilipendekeza pia kwamba kuanzia sasa tahadhari zitangazwe na Redio. Mimi nitamwandikia jinsi zilivyo, naye atazidisha.

"Nizidishe kiasi gani, Mwalimu?" akauliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kwa upole.

"Mpaka watu wainuke," nikamwambia.

26 Novemba

Nimerudi nyumbani. Kuta zina mstari wa matope unaonifika kiunoni. Shemeji alikuja na mawe, mwiko na uzi.

"Niujenge kama zamani?"

Nilimwambia anyooshe kingo mbili za pengo zisiendelee kumomonyoka, aishie hapo.

"Na mlango?"

"Mlango hufungwa. Sitaki."

Akaanza kuchanganya saruji huku akipiga mluzi.

28 Novemba

Mvua ndogo. Mdogo wangu amepita pengoni asubuhi, hakubisha hodi, ameonja chungu, kisha amesogeza kiti changu karibu na dirisha la mashariki. Si mahali pake. Jua linaniingia machoni. Nimekaa hapo nikiandika haya.